Muulize Mzee wa Usukani: Mambo ya Kabaka na magoti ya mavyaa

SWALI: Shikamoo Mzee wa Usukani. Mimi nimezaliwa hapa Tororo, lakini mume wangu kwao ni Tanga. Mwezi ujao mavyaa anakuja kwetu kwa mara ya kwanza, pamoja na wifi yangu na mtoto wake wa miaka tisa. Mavyaa ana miaka sabini na moja na magoti yanamsumbua. Amesema hataki kuonyeshwa wanyama, kwao wapo. Anataka kuona "mambo ya Kabaka", mfalme wa Buganda, aliyokuwa akisimuliwa na marehemu baba yake. Tutakwenda Kampala na gari la mume wangu na kulala usiku mbili, ila mjini haendeshi, anaogopa boda boda. Kwa hiyo tumetafuta kampuni itutembeze sisi peke yetu, kwa gari lao na kiongozi wao. Wametuletea ratiba ya siku moja: makaburi ya Kasubi, Bulange, Lubiri, Jumba la Makumbusho, msikiti mkuu wa Old Kampala, Namugongo, kisha Jinja kuona chanzo cha Nile na kurudi Kampala. Dola 120 kwa kila mtu, mtoto nusu. Je, inawezekana? — Mke wa Mtanga, Tororo

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kuwezekana inawezekana, kama mnachotaka ni gari lipite kwenye mageti yote hayo. Nilipoisoma ratiba yako nilicheka, halafu nikaona haya, maana mimi mwenyewe niliwahi kuiendesha.

Ilikuwa mwaka 2006. Nilikuwa nimeacha malori ya Mombasa, nikaajiriwa na kampuni moja ya watalii hapa mjini. Wakanipa wageni watatu na vituo saba. Mmoja wa wageni alikuwa mama mzee, mwalimu mstaafu, mwenye daftari. Kila tulipofika mahali alifungua daftari, na kabla hajaandika mistari miwili mimi nilikuwa nimeshatazama saa na kuwasha gari. Jioni, tukiwa tumekwama Wandegeya nyuma ya lori la matofali, akaniuliza kwa upole: "Ile nyumba kubwa ya nyasi ilikuwa ya nani, ya yule mfalme aliyechoma watu au ya yule aliyekimbia?" Sikuwa na jibu la heshima. Nilikuwa nimempeleka kotekote na hakuna nilichomwonyesha.

Sasa tuichane hiyo ratiba pamoja.

Kwanza Jinja. Hivi mwanangu, kutoka Tororo kwenda Kampala mnapita wapi? Mnapita Iganga, mnaingia Jinja, mnavuka Nile! Hao wanataka kuwatoza dola kuwarudisha kilomita themanini mahali mlipopita jana yake na gari lenu. Chanzo cha Nile mkione mkiwa njiani kuja. Kodini mashua pale, vaeni majaketi ya kuokolea, na mmuandae mtoto mapema kwamba haendi kuona maporomoko. Mzungu Speke alipofika 28 Julai 1862 aliyakuta, akayabandika jina la Ripon, lakini bwawa la Owen Falls lilipokamilika mwaka 1954 maji yalipanda yakayafunika. Bila maelezo hayo mtoto ataona ziwa linageuka mto, aulize "ndiyo hiyo tu?" Pale pale kuna sanamu ya Gandhi, kwa sababu sehemu ya majivu yake ilimwagwa majini hapo mwaka 1948. Mavyaa ashuke pole pole, kuna mteremko wa kwenda ukingoni.

Mkishatoka Jinja, pitieni msitu wa Mabira bila haraka, na mkifika Namawojjolo fungueni madirisha. Vijana watawajia na kuku wa mishikaki, maini na gonja ya kuchoma kabla hujafunga breki. Gonja ni ile ndizi tamu, mavyaa ataijua. Kuku uliza nani amechinja.

Pili Namugongo. Iko upande huo huo wa barabara ya Jinja, unaingilia Kireka. Kwa hiyo hiyo nayo iondoe kwenye siku ya kulipia. Pitieni asubuhi mnaporudi Tororo. Na usidhani ni ya Wakristo peke yao. Ni kweli watu wengi wanaijua kwa ajili ya 3 Juni 1886, siku Charles Lwanga na wenzake walipochomwa moto kwa amri ya Kabaka Mwanga. Wakatoliki wana mashahidi 22 na Waanglikana 23, na kila upande una eneo lake. Msiondoke na moja mkadhani mmemaliza. Basilika la Wakatoliki limejengwa kwa umbo la nyumba ya Kiganda yenye paa la kuchongoka, juu ya nguzo 22. Lakini mwambie mavyaa kwamba kabla ya hao, katika miaka ya 1870, baba yake Mwanga, Muteesa wa Kwanza, aliwaua vijana Waislamu wa ikulu yake. Walikataa kula nyama iliyochinjwa na asiye Mwislamu na wakakataa kuswalishwa na Kabaka ambaye hakutahiriwa. Viongozi wengi hulipita jambo hili. Wewe uliza. (Ila kama mnakuja wiki ya 3 Juni, Namugongo msijaribu kwa gari. Watu hutembea kwa miguu kutoka Kenya, Tanzania na Kongo. Barabara si ya magari tena.)

Tumebaki na Kampala, na hapo ndipo penye uhondo wenyewe. Mavyaa ameshakuchagulia: mambo ya Kabaka. Basi siku ibebe hadithi hiyo moja, kwa vituo vitatu. Jumba la Makumbusho liacheni, labda mvua ikiwafungia.

Anzeni Kasubi, saa tatu asubuhi, akili zikiwa bado na nafasi. Nyumba kuu inaitwa Muzibu-Azaala-Mpanga. Muteesa wa Kwanza aliijenga mwaka 1882 iwe ikulu, akafariki 1884, akazikwa humo humo. Naye ndiye Kabaka wa kwanza kuzikwa mwili mzima. Waliomtangulia taya zao zilitengwa na kutunzwa mahali pake. (Mtoto wa miaka tisa atalikumbuka hilo kuliko tarehe zote.) Baadaye wakaletwa Mwanga, Daudi Chwa na Muteesa wa Pili, wote chini ya paa moja. UNESCO iliiweka kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001. Usiku wa 16 Machi 2010 ikaungua. Mimi nilifika asubuhi yake, watu wazima wamekaa chini wanalia kama wamefiwa na mzazi. Ilikaa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini hadi 2023, ikajengwa upya kwa mkono. Mwombe kiongozi awasimulie kazi ya ukoo: kuezeka nyasi ni haki ya ukoo wa Ngeye, hata uwe fundi wa namna gani, kama si wa Ngeye hupandi juu ya paa lile. Kabla ya kulipa, uliza langoni kama siku hiyo wageni wanaingia ndani au wanaishia uani.

Wanawake wavae sketi ndefu au wajifunge leso; mavyaa wa Tanga hapo hana tabu, kanga zake zitamtosha na kubaki. Viatu mnavua. Ndani watu hukaa chini juu ya mikeka, na hapa ndipo magoti yanapohusika: zungumza na walinzi wa pale mapema, kwa adabu, kabla mama hajaanza kuhangaika mbele za watu. Kule nyuma ya pazia la lubugo, nguo ya gome la mti wa mutuba, panaitwa Kibira, yaani msitu. Baganda hawasemi Kabaka amekufa. Wanasema ametoa mkono kwenye ngao, ameingia msituni.

Na huyu Muteesa wa Kwanza, nadhani ndiye aliyesimuliwa na baba yake mavyaa. Wafanyabiashara wa pwani walianza kufika ikulu ya Buganda enzi za baba yake, Ssuuna. Ahmed bin Ibrahim alikuwapo mwaka 1844. Muteesa alijifunza kwao dini na lugha, akafunga Ramadhani kwa miaka kadhaa. Kiswahili kilisemwa barazani kwa Kabaka kabla ya reli, kabla ya bendera ya mtu yeyote. Mwache mama akae na hilo hapo mkekani. Usimharakishe.

Kutoka Kasubi nendeni Mengo. Bulange ni bunge la Buganda. Mbele yake inaanza barabara iliyonyooka hadi Lubiri, ikulu, na kandokando yake kuna alama za koo. Katikati ya barabara kuna mzunguko wenye lango. Sisi wote tunauzunguka. Kabaka hazunguki, anafunguliwa lango anapita katikati. Mtoto atataka kujua nani ana ufunguo. Sijawahi kumpata.

Lubiri ndipo asubuhi yenu inapounganika. Muteesa wa Pili, mliyeacha kaburi lake Kasubi, alikuwa humu 24 Mei 1966 jeshi la Rais Obote lilipoishambulia ikulu, likiongozwa na Idi Amin. Kabaka aliruka ukuta, akafika London, akafia huko 1969. Nani aliyerudisha maiti yake izikwe kwa heshima mwaka 1971? Amin huyo huyo, sasa akiwa rais. Kiongozi anayejua kazi yake atakusimulia nusu ya kwanza Kasubi na nusu ya pili hapa chini ya ukuta. Asiyejua atakusomea tarehe. Ndani ya uwanja, kwenye mteremko, kuna handaki la zege lenye vyumba ambamo watu walifungwa na kuuawa enzi za Amin. Mimi nisingemshusha mavyaa, kwa magoti yake na kwa moyo wake. Mtoto pia abaki juu. Wifi akitaka, ashuke.

Kuleni chakula cha mchana Mengo, luwombo ya kuku kama ipo, iliyopikwa ndani ya jani la mgomba, na msile upesi.

Mwisho msikitini, Old Kampala, alasiri. Ulianzwa enzi za Amin, ukakwama miaka mingi, ukamalizwa kwa fedha za Libya, ndiyo maana wengi bado wanauita wa Gaddafi. Kilima chenyewe ndipo Mwingereza Lugard alipopiga ngome yake mwaka 1890, na jina la mji likaanzia hapo. Mavyaa ataswali, atapumzika juu ya zulia. Mnara una ngazi zaidi ya mia tatu: huo ni wa wifi na mtoto. Kule juu, mwambie kiongozi awaonyeshe kwa kidole: Kasubi ile, tulikokuwa asubuhi, Mengo ile, Namirembe na Rubaga yale makanisa mawili, Makerere kule, Kibuli kule. Ndipo mtoto ataushika mji wote mkononi. Msiende Ijumaa mchana, ni wakati wa waumini.

Sasa bei. Dola 120 kwa kichwa ni hesabu ya kumpima mtu kama gunia. Gari halijui limebeba watu watatu au wanne. Kodi gari kwa siku, bei ya gari zima, na uandikiwe kama mafuta, muda wa ziada na viingilio vimo ndani au la. Viingilio lipeni wenyewe langoni. Mahali pengi raia analipa tofauti na mgeni, na kuna bei ya Afrika Mashariki; Mtanzania asiogope kuonyesha kitambulisho na kuiuliza. Na ujue kwamba Kasubi, Lubiri na msikitini kuna viongozi wa pale pale. Hao utawalipa hata ukija na wako.

Utauliza basi wa kampuni wa nini. Wa Kiswahili, mwanangu. Wale wa pale wengi wamezoea Kiingereza na Kiganda. Ukimweka mavyaa siku nzima akitafsiriwa na mtoto wa miaka tisa, umemkosea. Kwa hiyo unalipia mdomo, magurudumu ni ya ziada. Mpigie kiongozi mwenyewe, si ofisi yake, umwambie: "Nisimulie kidogo habari za Muteesa wa Kwanza kwa Kiswahili." Mpe dakika tano. Akianza kusema "so basically," mshukuru, kata simu.

Na neno moja la tahadhari. Vijana wetu wa utalii wanajiita "gaidi", wakimaanisha kiongozi. Usije ukamwambia mama wa Tanga kwamba gaidi anakuja kumchukua hotelini saa mbili asubuhi. Vilevile "teksi" kwetu ni ile ya abiria kumi na wanne na kondakta anayening'inia. Mweleze mapema.

SWALI: Mzee, nilitaka kumtembeza mchumba wangu Kampala siku ya kuzaliwa kwake. Kijana mmoja niliyempata mtandaoni akaomba nusu ya pesa kwa simu, nikatuma. Asubuhi simu yake imezimwa. Nitazipata? — Mwanafunzi, Makerere

JIBU: Pole. Ripoti kwa mtandao wa simu na polisi siku hiyo hiyo, lakini pesa yenyewe usiihesabu tena. Siku nyingine, kabla hujaweka namba ya siri, simu hukuonyesha jina la anayepokea. Lisipofanana na jina alilokupa, simama hapo. Mwombe leseni ya Bodi ya Utalii na namba ya gari, siku moja kabla. Malipo ya awali yasizidi mafuta. Kiongozi mwenye kazi yake hatakasirika ukimwambia hivyo. Mimi nilikuwa nafurahi, maana niliona mteja ana akili. Na mchumba mpeleke kwa miguu kutoka Bulange hadi Lubiri jioni. Hakuna kiingilio barabarani.

SWALI: Mwalimu wetu anasema Kabaka Mwanga alifia Ushelisheli. Tulipokwenda Kasubi kiongozi akasema yuko pale. Nani mkweli? — Kidato cha tatu, Hoima

JIBU: Wote wawili. Mwanga alikamatwa pamoja na Kabalega, mfalme wa kwenu Bunyoro, tarehe 9 Aprili 1899, kule nchi ya Lango, wakapelekwa Ushelisheli. Mwanga alifia huko 1903, mwili ukarudishwa Buganda 1910. Lakini wewe ni wa Hoima, mbona umesafiri hadi Kasubi kuulizia mfungwa mmoja, mwenzake ukamwacha nyumbani? Kabalega aliruhusiwa kurudi mwaka 1923. Akafika Jinja, akafia hapo, hajaiona Bunyoro. Kaburi lake liko Mparo, kando ya barabara ya Masindi, nje kidogo ya mji wenu. Nenda Jumamosi, na umpeleke huyo mwalimu.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kila mwaka wazazi wa Gulu tunachangishwa watoto wapelekwe Kampala "kuona historia", saa nyingi ndani ya basi, wanarudi na picha za maghorofa. Huku kwetu hakuna kitu? — Mwalimu, Gulu

JIBU: Kipo, na hakihitaji basi la usiku. Nendeni Patiko, kaskazini ya mji. Pale juu ya miamba wafanyabiashara ya watumwa walikuwa na kambi yao, na mwaka 1872 Samuel Baker, aliyetumwa na Khedive Ismail, mtawala wa Misri, kupiga vita biashara hiyo na kuitwalia Misri nchi, akageuza mahali hapo ngome. Handaki la kuzunguka ngome lipo, na mabaki ya ghala za mawe katikati yapo. Watoto wanaweza kuyashika kwa mikono, jambo ambalo Kampala watakatazwa.

Kodini gari dogo kwa zamu, darasa kwa darasa, badala ya kusomba shule nzima siku moja. Kiongozi mchukueni wa hapo hapo, asimulie kwa Kiacholi. Na mumwombe asianze na Baker. Aanze na waliofungwa pale kabla yake, walitoka vijiji gani, walipelekwa wapi, ndipo Mzungu aingie. Watoto wako watagundua kwamba majina ya hivyo vijiji wanayajua.

Nendeni asubuhi, kabla miamba haijapata moto, kila mtoto na chupa yake ya maji na raba miguuni. Mimi nilikwenda na viatu vyangu vya ngozi vya kanisani, nikapanda vizuri, kushuka nikashuka kwa makalio.